Onja Kwanza, Mama Ihirwe

Nyirakamana alikuwa akitengeneza biskuti za shokola katika chuma cha gofre, juu ya mbabula, jiko la makala, kando ya njia moja ya Kasenga, mtaa wa Uvira, mji ulio ufukweni mwa ziwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwona akila hata moja. Watu walilijua jambo hilo na hawakulijali. Walisema ni desturi ya watu wa juu, wafugaji wa milima iliyo nyuma ya Uvira, ambao wazee wao huwafundisha kwamba mtu mwenye heshima hatafuni njiani mbele za watu. Walihesabu kuwa ni kiburi kidogo, wakamsamehe, wakanunua.

Hakikuwa kiburi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Sasa amekufa, na mtaani wameanza kuusimulia mwisho wake kwa namna nyingine, kana kwamba ugonjwa ulishuka wenyewe ukamchukua, na hakuna mkono wa mtu uliosaidia. Ndiyo maana yafaa habari zake zisemwe zilivyokuwa.

Alishuka kutoka milimani baada ya kijiji chao kuchomwa moto na ng'ombe kuswagwa. Mume wake, Semana, alibaki huko huko, katika kaburi lisilo na alama. Nyirakamana alifika Uvira kwa miguu, amemshika mkono binti yake Ihirwe, ambaye wakati ule alikuwa bado anang'oa meno ya utotoni. Akapanga chumba kimoja Kasenga. Akaanza kufua nguo nyumbani kwa Sharifa, mfanyabiashara Mwislamu aliyeuza unga, sukari na mafuta sokoni. Mababu wa Sharifa walikuja na biashara ya ziwa zamani sana, wakakaa Uvira mpaka hapakuwa tena na mtu wa kuwauliza walikotoka. Nyirakamana, ambaye kijiji chake mtu angeweza kukionyesha kwa kidole akiwa amesimama uani, aliulizwa swali hilo karibu kila wiki.

Chuma kilikuwa cha Sharifa. Bibi yake alikuwa akikitumia kupika gofre za Idi: bamba mbili nzito zenye miraba ndani, zimeunganishwa kwa bawaba, na mikono mirefu ya kushikia. Nyirakamana alikikuta chini ya kitanda siku alipokuwa akifagia.

"Ukipenda, ukichukue," Sharifa alimwambia. "Hapa iko inakula kutu tu. Bibi yangu akiona vile, atafufuka anipige."

"Na minye nitapika nini ndani, Yaya?" Alimwita hivyo, dada mkubwa, kwa heshima.

"Pika hata mawe, lakini pika."

Gofre ya kawaida ni uji mzito wa unga, mayai na maziwa. Hutoka laini, na ikifika jioni imelegea kama kitambaa kilichonyeshewa. Nyirakamana, aliyekulia penye maziwa, hakuwa na maziwa tena, na mayai yalikuwa ghali. Akapunguza maji, akaongeza margarini, sukari na kakao ya unga, akajaribu na kuharibu mara nyingi, mpaka akapata donge linaloshikika kwa vidole. Alilimega vipande kama ndimu ndogo, akaweka kipande katikati ya chuma kilichokwisha kupata moto pande zote mbili, akafunga, akabana, akageuza. Hakutazama saa, alitazama mvuke. Mvuke ukiwa mwingi na mweupe, biskuti bado. Ukifungua wakati huo inapasuka, nusu juu nusu chini, na kazi inayobaki ni kukwangua. Mvuke ukipungua na harufu ya kakao ikigeuka, ikakaribia ile ya kahawa inayokaangwa, ndipo alipofungua. Aliilaza biskuti juu ya ungo, na ilipopoa ilikauka, ikalia chini ya meno.

Kwa sababu ya ile miraba, watoto waliziita madirisha.

"Mama Ihirwe, nipe dirisha ya moto!"

"Ya moto itakuunguza ulimi, halafu mwalimu akikuuliza utashindwa kujibu."

"Mwalimu mwenyewe alinunua jana!"

Ugonjwa ulijulikana baadaye, alipoanza kukonda na kunywa maji bila kushiba. Muuguzi wa kituo cha afya, Candide, alimpima na kumweleza anachopaswa kuacha. Nyirakamana aliacha. Tangu hapo hakuonja tena donge lake; Ihirwe, ambaye sasa alikuwa msichana wa sekondari, ndiye aliyekuwa ulimi wake. "Sukari imepita," angesema binti, au "chumvi kidogo, mama," na mama angerekebisha. Mbali na Candide, wawili tu waliijua siri hiyo, Ihirwe na Sharifa. Nyirakamana aliamini kwamba wateja humkimbia muuza chakula aliye mgonjwa, na kuhusu Kasenga hakukosea. Lakini siri ni deni baya, na simsifu kwa kuitunza.

Kuna desturi ambayo msomaji wa mbali lazima aijue. Katika Uvira, kama katika sehemu nyingi za Kivu, anayekukaribisha huonja kwanza. Akikufungulia kinywaji, anakunywa kidogo mbele yako ndipo anakupa. Akikupikia, anaonja yeye mwenyewe aliyepika. Si mtoto wake wala mgeni mwenzako. Tunasema ni heshima. Kwa kweli ni hofu, hofu ya karuho, sumu ambayo kila mtu amesikia habari zake na hakuna aliyewahi kukuonyesha. Watu walioishi na vita muda mrefu hujifunza kutazama mikono ya jirani. Hata hivyo, kwa vitu vinavyouzwa njiani desturi hiyo haidaiwi. Hakuna anayemwambia muuza mandazi aanze yeye.

Mvua kubwa zilipovunja mabomba, watu wa Kasenga walirudi kuchota maji ziwani, na kipindupindu kikaingia. Nyumba ya pili kutoka kwa Nyirakamana alikaa Bibiche, mwanamke wa hapo hapo Uvira, mwenye mtoto mmoja wa kike aitwaye Mapendo, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule. Wanawake hao wawili waliazimana chumvi na makaa ya moto. Mapendo alikuwa na kawaida ya kukaa karibu na mbabula kungoja biskuti zilizopasuka, ambazo hazikuuzwa. Siku moja adhuhuri alikula moja. Jioni tumbo lake likafunguka, akaanza kutapika, na kabla ya mchana wa siku iliyofuata alikuwa amekufa kituoni.

Candide alimwambia Bibiche wazi, mbele ya watu, kwamba ni kolera, kipindupindu kile kile. Lakini mtu aliyefiwa hasikii kwa masikio yake peke yake. Husikia pia kwa masikio ya ndugu zake.

"Kolera gani inachagua mutoto moja mu nyumba nzima?" shangazi ya Bibiche aliuliza. "Bantu bote hapa banakunywa maji ya ziwa. Huyu moja njo alikula biskuti ya ule mama."

Haikuwa kweli. Nusu ya watoto wa njia ile walikula biskuti siku ile, na jioni walicheza mpira. Hakuna aliyesimama kulisema hilo.

Kwetu jirani haendi msibani mikono mitupu. Asubuhi ya siku ya pili ya kilio Nyirakamana alipita kwanza kituoni, kwa kuwa alikuwa na kidonda mguuni. Kaa la moto lilikuwa limemwangukia akiwa kazini, na hakulisikia mpaka alipoona ngozi imefanya malengelenge. Candide alikifunga upya na kumwambia, "Sukari hata kidogo, mama. Huu muguu unakutegemea weye." Kutoka hapo Nyirakamana alikwenda nyumbani, akatwaa sahani ya biskuti alizopika tangu alfajiri, akaipeleka kwa Bibiche.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Aliiweka sahani chini kwa mikono miwili.

"Onja kwanza, Mama Ihirwe," shangazi alisema.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya malezi mema. Angeweza kusema maneno machache tu: mimi ni mgonjwa wa sukari, mguu wangu huu. Lakini kule juu alifundishwa kwamba nyumba ya msiba ina kidonda kimoja, na anayeingia huacha chake nje. Kumwambia mama aliyezika mtoto kwamba nawe unaumwa ni kumwibia machozi yake. Kwa hiyo akasema, "Minye siwezi kula. Munisamehe."

"Huwezi kula kitu weye mwenyewe umepika?"

"Siwezi."

"Sikieni," shangazi aliwaambia wengine, naye hakupaza sauti.

Bibiche aliinua macho akamtazama, kisha akayashusha. Nyirakamana alikaa kidogo kama inavyotakiwa, akaondoka. Alipokwisha kutoka, sahani ile ilimwagwa chooni.

Bibiche hakumshtaki. Hilo lazima lieleweke. Neno sumu halikutoka kinywani mwake hata siku moja. Alinyamaza tu, wakati ambapo neno moja kutoka kwake, na yeye ndiye mwenye mtoto, lingelimaliza jambo zima. Wengi wanafikiri kunyamaza ni kutokuwemo. Mtaa mzima ulimsikia Bibiche akinyamaza, ukaelewa ulichotaka kuelewa.

Kuanzia hapo hakuna aliyenunua. Akina mama walipita wakiwavuta watoto upande mwingine wa njia. Mawe yalianguka juu ya bati la chumba chake mchana kweupe, na waliokuwa wamekaa karibu hawakumwona aliyerusha. Mwishowe alikuja shefu wa avenue, mkuu wa njia ile, mtu mpole asiyependa makelele, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake.

"Mama, pengine wende kwanza Kamanyola ao Kiringye, kule kwa bantu yako. Maneno ipoe."

"Bantu yangu iko hapa," Nyirakamana alijibu. "Mama Mapendo njo muntu yangu. Sharifa njo muntu yangu. Weye ulinionyesha hii nyumba. Na weye ni muntu yangu."

"Najua, mama. Lakini usalama..."

"Shefu, minye nilikimbia mara moja. Nikikimbia tena, batasema ni kweli. Na mutoto wangu, kila fasi atafika, batamufukuza na hii neno. Sitoki."

Shefu alivaa kofia yake, akaenda. Alikuwa amefanya kazi yake, kama wanavyosema.

Kesho yake Nyirakamana aliwasha mbabula kama kawaida na kupanga biskuti kwenye sahani. Walikuja waendesha pikipiki watatu, wakaegesha mbele yake bila kuzima injini. Aliyekuwa mbele alikuwa Patient, mdogo wake Bibiche, kijana mwenye maneno mengi.

"Mama Ihirwe, biskuti iko?"

"Iko."

"Na karuho, unauzisha kwa kilo ao kwa kijiko?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia yake. Nyirakamana alichukua biskuti moja, akaivunja katikati, akatia nusu kinywani. Mwanamke ambaye hakuwahi kutafuna njiani tangu azaliwe alitafuna njiani, polepole, kichwa juu, akimtazama Patient. Akameza.

"Onyesha ulimi," Patient alisema.

Akamwonyesha ulimi. Kisha akamnyooshea nusu iliyobaki.

Patient hakuwa amelifikiria hilo. Aliishika nusu ile kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

"Kula sasa, mwanaume!" mwenzake alimchokoza. "Ao unataka tukuitie mama yako akutafunie?"

Akala. Wote walimtazama kooni.

"Eh," akasema. "Iko tamu, bandugu. Mama, tupe ingine."

"Onja kwanza, Mama Ihirwe!" wakasema wawili kwa pamoja, na akaonja.

Hivyo biashara ilirudi, lakini kwa sharti. Kila aliyenunua alimtaka aanze yeye. Wachache waliogopa kweli. Wengi walifanya kwa mchezo, kwa sababu ni jambo la kupendeza kumwamuru mtu mzima akatii. "Onja kwanza" ikawa salamu ya njia ile. Watoto waliiimba, wanafunzi waliitupia wakipita wakielekea shule, na hata mtu aliyekuja kununua biskuti moja ya kumtulizia mtoto alisimama kungoja mama yule atafune. Alijaribu kuvunja kipande kidogo kama ukucha, lakini hawakukubali. "Iyo ni ya panya," walimwambia. "Kula ya muntu."

Ihirwe alifika siku moja kutoka shuleni akalikuta hilo. Alisukuma watu, akasimama mbele ya sahani.

"Minye nitakula. Nipeni, minye nitakula mbele yenu yote!"

"Hapana, mutoto," mwanamke mmoja alimwambia kwa upole kabisa. "Aliyepika njo anaonja. Haukufundishwa?"

Nyumbani, Ihirwe alitupa daftari zake kitandani.

"Waambie uko mugonjwa, mama. Sema tu! Candide atashuhudia."

"Ningelisema siku ile. Sasa nikisema, batasema nimetafuta uongo. Neno lililochelewa linafanana na uongo, hata kama ni kweli."

"Basi uache biskuti. Tuuze makala, tuuze majani ya sombe."

"Nikiziacha leo, nimekubali kwamba zilikuwa na sumu."

"Na ukiendelea utakufa!"

"Bantu hawakumbuki kitu muda mrefu, binti yangu. Wakiniona ninakula na niko mzima, watachoka. Itapita."

Ihirwe alianza kukusanya daftari zake. Mama yake alikuwa amejifungia katika nyumba yenye milango miwili, na kila mlango ulielekea kwenye aibu au kifo. Alichagua ule ambao aibu haingemfuata mtoto.

Kidonda hakikupona. Kilipanuka, kikaanza kunuka, naye akaanza kuvaa soksi nene kwenye joto la Uvira ili wanunuzi wasione kitambaa. Candide alimkemea kila alipokwenda. Kisha Nyirakamana akaacha kwenda.

Sharifa ndiye aliyegundua. Alikuwa amekaa muda bila kufika Kasenga, kwa sababu kakao alimpelekea kwa mkono wa mtu. Siku aliyokuja mwenyewe alimkuta Nyirakamana ameegemea ukuta, midomo imekauka, watu wawili wamesimama mbele yake wakingoja aonje.

"Unafanya nini?" Sharifa aliuliza.

"Ninauzisha, Yaya. Usinipigie kelele mbele ya bateja."

"Nitapiga! Nitapiga mpaka kule sokoni basikie! Vua soksi."

"Yaya..."

"Vua soksi, Nyirakamana."

Hakuvua. Sharifa aliinama mwenyewe, akaishusha, akaona. Aliirudisha polepole, akasimama, akatembea moja kwa moja mpaka nyumba ya pili.

Bibiche alikuwa uani akichambua maharage. Tangu mtoto afe hakuwa akitoka sana. Watu waliendelea kumwita Mama Mapendo, kwa sababu kwetu jina hilo halizikwi na mtoto.

"Mama Mapendo," Sharifa alisema bila kuketi, "ule muntu anakufa."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Iko na sukari. Miaka sasa. Kila biskuti munamulisha ni shimo munamuchimbia."

Bibiche aliacha maharage.

"Siku ile ya kilio alitoka kituoni," Sharifa aliendelea. "Muguu wake ulikuwa umefungwa upya na kitambaa cheupe. Haukuona?"

"Niliona sahani tu," Bibiche alisema.

"Basi."

"Kwa nini hakusema?"

"Alisema mu kilio yako hakuna kilio ingine. Vile njo alinijibu, minye mwenyewe nilimuuliza. Na alinikataza kusema. Nimesema."

Sharifa alivunja siri, na alifanya vema. Angeivunja mapema zaidi, angefanya vema zaidi. Kuna ahadi ambazo uaminifu wenyewe unadai zivunjwe, na watu wazuri hupoteza muda mwingi wakijiuliza kama wakati umefika.

Bibiche alitoka bila viatu. Walikuwapo wanunuzi watano au sita, na Patient miongoni mwao, amekaa juu ya pikipiki. Mtu alikuwa amekwisha kusema, "Onja kwanza, Mama Ihirwe," na biskuti ilikuwa karibu na kinywa. Bibiche aliupitisha mkono wake kati ya watu, akaichukua biskuti ile kwenye vidole vya Nyirakamana, akaila yote. Hakuivunja. Aliila akilia, makombo yakimwangukia kifuani, na watu hawakujua pa kutazama.

"Nimekula," alisema alipoweza kusema. "Minye mwenye kuzika mutoto nimekula. Mapendo alikufa na kolera. Na huyu mama iko na sukari, na munamuua. Nani tena anataka aonjewe? Patient, unataka?"

"Hapana, Yaya," Patient alisema.

"Washa hiyo pikipiki yako, umupeleke kituoni. Pole pole."

Nyirakamana alijaribu kusimama mwenyewe, ikashindikana, wakamwinua.

Kituo kilimtuma hospitali kuu. Waganga walikata mguu chini ya goti, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kuoza, lakini sumu ya kweli ilikuwa imekwisha kuingia damuni, ile ambayo haitiwi na mchawi. Bibiche ndiye aliyemuuguza pale hospitali. Alilala sakafuni chini ya kitanda, akamfulia, akampikia uji usio na sukari, na alipotaka kuonja kwanza kabla ya kumpa kijiko, Nyirakamana alimkataza. "Usifanye ivyo," alimwambia. "Nipe tu."

Siku moja asubuhi, homa ilipopungua kidogo, Nyirakamana alimuuliza.

"Mama Mapendo. Weye uliamini?"

Bibiche aliweka bakuli la uji sakafuni.

"Sijui. Nilitaka kuwe na muntu. Maji ya ziwa haina uso. Nitaichukia namna gani? Nitaiangalia fasi gani?"

"Naelewa."

"Hauwezi kuelewa."

"Semana alipokufa, na minye nilitafuta muntu. Nilipata wengi, si moja. Nilikuwa na majina yao kichwani, nilikuwa ninayasema kama sala." Alipumzika. "Hakuna jina moja lilimuamsha."

"Unisamehe."

"Nilikusamehe wakati ulikula. Lakini nimechoka, dada. Umwangalie Ihirwe."

Alikufa mwisho wa juma lile, mchana, Ihirwe akiwa amemshika kiganja na Sharifa akiwa amekwenda kutafuta dawa iliyoandikwa.

Watu wa Kasenga wanajua kuzika. Walikuja wote. Waendesha pikipiki walitangulia mbele ya jeneza wakipiga honi, kwaya ya kanisa lake iliimba, wanawake wa Kiislamu waliofuatana na Sharifa walisimama pamoja nao, na shefu wa avenue alisema maneno mazuri kuhusu jirani mwema asiyegombana na mtu. Shangazi ya Bibiche alilia kwa sauti kuliko ndugu. Si kusema kwamba walijifanya. Machozi yao yalikuwa ya kweli, na huo ndio ubaya wake: mioyo ile ilikuwepo siku zote, imejaa, na hakuna aliyeifungua ilipokuwa na kazi. Wala hakuna aliyesema pale kaburini kwamba "mimi nilimwambia aonje". Kila mmoja alimkumbuka mwingine aliyesema.

Baada ya kilio alikuja dada ya Nyirakamana kutoka Kiringye, anakolima mihogo na mahindi, kumchukua Ihirwe. Bibiche aliposikia alikwenda kwenye kile chumba. Ihirwe alikuwa akifunga vitu, dada ya mama yake ameketi pembeni.

"Baki kwangu," Bibiche alimwambia. "Kitanda iko. Utamaliza masomo. Mama yako aliniachia weye."

"Najua, Mama Mapendo."

"Mama yako alikataa kutoka hapa. Alikufa juu ya hiyo neno, ubaki bila aibu. Na sasa hakuna muntu anasema kitu. Hata moja! Uliza."

"Sitauliza. Ninajua."

"Basi ni nini?"

Ihirwe aliendelea kukunja nguo za mama yake, moja juu ya nyingine.

"Bantu ya hapa ni bazuri," alisema, "wakisha kujua. Minye sina nguvu ya kuwangojea mpaka wajue."

Bibiche alipiga magoti, akakusanya nguo zile katika kitenge, akafunga pembe zake nne, akakaza fundo, akauweka mzigo kichwani mwake mwenyewe, wakatembea wote watatu mpaka barabarani, yeye mbele, kungoja gari la kwenda Kiringye.